Kujitathmini kwa mwandishi wa mtandaoni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa yeyote anayeandika kwa Kiswahili mtandaoni bila bosi wa kumsukuma: mwenye blogu ya kilimo, muuguzi anayeeleza afya ya mama na mtoto, mchambuzi wa soka, mtunzi wa hadithi za kila wiki, mhariri wa Wikipedia. Maswali yametoka kwa waandishi ninaowahariri na ninaoandika nao. Ukiyachuja, karibu yote yanabaki swali moja: nilianza na moto, sasa umepoa, nifanyeje? Jibu langu nalo ni moja. Itazame kazi yako kwa utaratibu, itazame kazi yenyewe kabla hujatazama idadi ya walioisoma, na kila ukimaliza uwe umeamua jambo moja la kufanya. Yaliyobaki hapa chini ni namna ya kulifanya hilo bila kujichosha.

Kujitathmini ni kufanya nini hasa?

Ni kukaa chini kwa wakati uliopangwa, ukaangalia ulichokusudia kuandika, ulichoandika kweli, na kilichosababisha tofauti kati ya viwili hivyo. Kisha unaamua hatua inayofuata. Mwenye duka hufunga hesabu jioni ili ajue kesho anunue nini. Akikuta sukari imeisha na sabuni imebaki, habaki kujilaumu. Anaandika orodha ya kwenda nayo kwa muuza jumla.

Kuna ushahidi wowote kwamba jambo hili huongeza ari, au ni maneno ya kutiana moyo tu?

Ushahidi upo. Watafiti Teresa Amabile na Steven Kramer walikusanya maelezo ya kila siku karibu 12,000 kutoka kwa watu 238 waliokuwa kwenye miradi ya ubunifu katika kampuni 7. Kila mmoja aliandika jioni jinsi siku ilivyokwenda na alivyojisikia. Katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2011, jambo lililoambatana zaidi na siku zenye ari halikuwa sifa wala zawadi. Lilikuwa ni kuona kazi yenye maana imesogea, hata kwa hatua ndogo.

Hapo ndipo mwandishi wa mtandaoni anapopata taabu. Hatua zake ndogo hazionekani na mtu. Umetumia saa mbili kupiga simu sokoni kuulizia bei ya alizeti, umesoma kanuni nzima ya serikali ili uandike sentensi tatu zilizo sahihi, umefuta utangulizi na kuuandika upya. Duniani hakuna aliyeona. Hata wewe, baada ya siku nne, umesahau, na unajiambia kwamba wiki hii hujafanya kitu. Tathmini inazirudisha hatua hizo mbele ya macho yako, zikiwa na tarehe.

Kuna uchambuzi mwingine wa mwaka 2016, uliounganisha tafiti 138 zenye washiriki karibu 20,000. Ulionyesha kwamba watu wanaofuatilia maendeleo yao kuelekea lengo hulifikia zaidi, na faida huwa kubwa zaidi pale wanapoyaandika maendeleo hayo au kuwaeleza wengine. Kumbuka hayo mawili, kuandika na kuwaeleza wengine, maana nitayarudia.

Nijitathmini kila baada ya muda gani?

Kazi, kila wiki. Takwimu za wasomaji, mara moja kwa mwezi. Mwelekeo mzima, kila baada ya miezi mitatu.

Wengi hufanya kinyume: wanafungua takwimu kila saa na kuijadili kazi mara moja kwa mwaka, tarehe 31 Desemba, wakiwa na malengo kumi mapya. Nawasihi mgeuze. Takwimu za siku moja hazikufundishi kitu, zinapandisha na kushusha moyo bure. Malengo ya mwaka nayo yako mbali mno kukusaidia Jumanne usiku ukiwa umechoka na una aya mbili tu.

Kwa tathmini ya wiki, dakika 20 zinatosha. Wengi huchagua Jumapili jioni. Mama mmoja ninayemhariri huifanya Jumatatu asubuhi watoto wakishaenda shule, kwa sababu Jumapili jioni kwake ni kupiga pasi sare za watoto. Mwezi wa Ramadhani, waandishi wa pwani wengi huihamishia baada ya tarawehe. Saa yoyote inafaa, ilimradi isibadilikebadilike.

Niandike nini kwenye tathmini ya wiki?

Vitu vitano: nilichopanga, kilichofanyika, sababu, msomaji alisema nini, na uamuzi mmoja. Nikutolee ukurasa kamili wa mwandishi wa kilimo, wiki ya pili ya Machi, ili uone ufupi wake.

*Nilipanga:* Makala mbili. Moja ya kuchagua mbegu za mahindi kwa masika, nyingine ya kutambua viwavijeshi vamizi mapema.

*Kimefanyika:* Ya mbegu imechapishwa Alhamisi. Ya viwavijeshi ina aya tano na picha mbili.

*Sababu:* Umeme ulikatika usiku wa Jumanne na Jumatano. Lakini pia makala ilikuwa inamsubiri afisa ugani, na nilimpigia Ijumaa jioni akiwa safarini.

*Msomaji:* Mkulima ameuliza kama kutia majivu kwenye moyo wa mmea kunaua viwavi. Sikuwa na jibu la uhakika. Niulize.

*Uamuzi:* Jumatatu saa tatu asubuhi nimpigie afisa ugani, na swali la majivu liwemo.

Tazama sehemu ya sababu. Umeme umetajwa, na ni kweli, lakini mwandishi hakuishia hapo. Ametafuta na kile kilichokuwa mikononi mwake. Angeandika "umeme" peke yake, wiki inayofuata ingefanana na hii. Angeandika "mimi ni mvivu", ingekuwa mbaya zaidi, kwa sababu uvivu hauna saa ya kuupigia simu.

Tazama na uamuzi: una siku, una saa, una mtu. "Niongeze bidii" si uamuzi. "Niandike zaidi" si uamuzi. Ukishindwa kujua Jumatatu ikifika ufanye nini kwa mikono yako, hujaamua bado.

Na hakuna mahali ukurasa ule umetaja idadi ya wasomaji. Ameandika alichouliza msomaji. Hiyo ni habari ya kufanyia kazi. Swali la majivu ni makala nyingine tayari.

Lazima niandike? Siwezi kulifikiria tu nikiwa kwenye daladala?

Andika. Mali bila daftari hupotea bila habari, na saa za mwandishi ndiyo mali yake. Kichwani, wiki mbaya huivaa wiki nzuri iliyotangulia na kuifunika.

Mwandishi wa riwaya wa Uingereza Anthony Trollope, aliyefariki mwaka 1882, aliandika vitabu vingi huku akiwa mwajiriwa wa posta. Kila alipoanza kitabu kipya alitengeneza shajara iliyogawanywa kwa wiki, akaandika kila siku idadi ya kurasa alizomaliza. Ukurasa wake aliuhesabu kuwa na maneno 250. Akikaa bure siku mbili, shajara ilimwonyesha. Ninachokipenda kwake ni kwamba alihesabu kitu ambacho hakuna mchapishaji wala mhakiki angeweza kumpa au kumnyang'anya.

Daftari la kaunta la kawaida linafaa sana kuliko programu yoyote ya simu, kwa sababu moja ya wazi: ukifungua simu kuandika tathmini utakutana na ujumbe, na dakika 20 zitaishia kwenye ujumbe. Kama huna budi kutumia simu, zima data kwanza.

Takwimu za wasomaji je? Nizitupe?

Usizitupe. Ziweke mahali pake, mara moja kwa mwezi, na uzisome ukiwa na swali mkononi.

Swali la kwanza: watu wanakuja wakitafuta nini? Kama una tovuti au blogu yako, Google Search Console ni ya bure na inakuonyesha maneno ambayo watu waliandika kwenye Google makala yako ikatokea, imetokea mara ngapi, na imebofywa mara ngapi. Hapa kuna mafunzo makubwa. Tuseme makala inatokea sana lakini haibofywi. Unaangalia maneno ya watafutaji, unakuta wanaandika "dawa ya viwavi kwenye mahindi". Unaangalia kichwa cha makala, unakuta "Changamoto za Visumbufu katika Mazao ya Nafaka". Makala haina ubaya wowote. Mkulima aliyesimama shambani na simu yake hakujua kwamba anaongelewa yeye. Badilisha kichwa, andika tarehe ya kubadilisha kwenye daftari, angalia tena mwezi ujao. Kazi kama hiyo hurudisha ari haraka mno, kwa sababu ni badiliko dogo na matokeo yake yanapimika.

Swali la pili: nalinganisha na nini? Mtu anaona Aprili imeshuka kuliko Machi, anavunjika moyo. Lakini anaandika kuhusu upandaji, na wakulima wa masika wameshapanda! Mwenye tovuti ya elimu Tanzania anajua kwamba watu hufurika Januari, ambapo kwa kawaida matokeo ya kidato cha nne hutoka, kisha hupungua. Mchambuzi wa soka anayeandika kuhusu mechi ya Simba na Yanga ana wasomaji hadi filimbi ya kwanza. Baada ya hapo watu wanataka kusoma matokeo. Kwa hiyo linganisha mwezi na mwezi uleule wa mwaka jana, siyo na mwezi uliopita.

Hapo kuna jambo la kiufundi ambalo wengi hulijua wakiwa wamechelewa. Search Console hutunza takwimu za miezi 16 tu. Ya nyuma ya hapo huyaoni tena. Ndiyo maana kila mwisho wa mwezi andika tarakimu tatu kwenye daftari lako: mara ulizotokea, mibofyo, na makala iliyoongoza. Ukifika mwaka wa tatu utakuwa na picha ambayo chombo chenyewe hakina.

Laiki na idadi ya wafuasi ziangalie kama unapenda. Mimi siziandiki.

Nimehangaika wiki nzima na makala moja, wamesoma watu saba. Nitatoa wapi moyo?

Naujua uzito wa swali hili, na sitakuambia kwamba saba ni wengi. Nitakuomba uangalie mambo mawili kabla ya kukata tamaa.

La kwanza ni umri wa makala. Makala inayojibu swali, kwa mfano namna ya kuomba cheti cha kuzaliwa kilichopotea au dalili za hatari kwa mjamzito, haitegemei siku ya kuchapishwa. Hupatikana polepole kupitia utafutaji, na inaweza kuanza kusomwa miezi kadhaa baadaye. Kuihukumu kwa wiki ya kwanza ni kuionea. Habari na uchambuzi wa mechi, hapana. Hizo kama hazikusomwa wiki ya kwanza hazitasomwa.

La pili ni kama saba hao walifikiwa kwa sababu uliwafikishia. Waandishi wengi wanaonilalamikia wamechapisha na kukaa kimya. Makala ya viwavijeshi ilipaswa kwenda kwenye grupu la wakulima wa kata, kwa afisa ugani aliyetoa maelezo, na kwenye status ya WhatsApp ikiwa na sentensi moja inayoeleza ina nini ndani. Kwenye tathmini yako, kufikisha kuhesabiwe kama kazi, pamoja na kuandika.

Na kama umefikisha, muda umepita, na bado ni saba, basi waulize hao saba. Nasema kweli. Mtumie mmoja ujumbe: "Dada, ile makala uliisoma mpaka mwisho? Uliachia wapi?" Jibu la mtu mmoja aliyeachia aya ya tatu lina faida kwako kuliko mchoro wowote wa takwimu.

Nikisoma makala zangu za zamani naona aibu. Ni lazima nizisome?

Ni lazima, na hiyo aibu ndiyo habari njema uliyokuwa unaitafuta. Huoni kasoro katika maandishi ya mwaka jana isipokuwa jicho lako la mwaka huu limekuwa kali zaidi. Hakuna takwimu itakayokuonyesha hivyo.

Fanya hivi kila miezi mitatu. Chukua makala moja ya mwaka mmoja nyuma, soma utangulizi wake kwa sauti, kisha uuandike upya bila kugusa sehemu nyingine. Chukua makala ya kuhifadhi mahindi inayoanza hivi:

"Kama tunavyofahamu, kilimo ni uti wa mgongo wa taifa letu. Wakulima wengi hukumbana na changamoto mbalimbali ikiwemo upotevu wa mazao baada ya mavuno. Katika makala hii tutaangazia njia bora za kuhifadhi mahindi."

Sasa iandike kwa jicho la leo:

"Kabla hujafunga gunia, chukua chupa ya kioo iliyo kavu. Tia mahindi mpaka robo ya chupa, ongeza vijiko vichache vya chumvi kavu, tikisa, acha itulie. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi yako bado yana maji na yataota ukungu ghalani. Yarudishe juani."

Ya kwanza ingeweza kufungua makala yoyote ya kilimo iliyowahi kuandikwa nchini. Ya pili inamfanya msomaji ainuke aende kutafuta chupa. Bandika tangulizi zote mbili kwenye daftari, ukurasa mmoja, juu na chini. Siku utakayosema "mimi sisongi mbele" ufungue ukurasa huo. Nimeona watu wazima wakitabasamu peke yao mbele ya ukurasa wa namna hiyo, na wiki hiyo wakaandika.

Makala ikiwa bado inasomwa, usiishie daftarini. Isahihishe na huko mtandaoni, weka tarehe ya kusahihishwa.

Nimeruka wiki kadhaa sijaandika wala sijajitathmini. Naanzaje tena?

Anza na wiki hii. Usijaze kurasa zilizopita kwa kukumbukakumbuka, utakuwa unatunga.

Andika mstari mmoja tu kuhusu pengo: lilitokana na nini. Halafu pima kama sababu iko ndani ya uwezo wako au nje. Msiba, mtoto kulazwa, msimu wa kusahihisha mitihani, hayo yako nje, na mwandishi aliyepitia hayo hana deni kwa mtu. Sababu za nje huweza kuwa kubwa kuliko mtu mmoja: mwaka 2018, kanuni za maudhui ya mtandaoni zilipoanza kudai leseni na ada Tanzania, kuna waliosimamisha blogu zao wakiwa bado na ari tele. Kuandika "nilikosa nidhamu" mahali ambapo ukweli ni "nilikosa ada" ni kujidhulumu, na kunakupeleka kutibu ugonjwa usiokuwa nao.

Sababu ikiwa ndani, punguza kipimo. Aliyekuwa anaandika makala mbili kwa wiki akakwama, arudi na moja fupi. Kutimiza kidogo kunarudisha ari kuliko kushindwa kikubwa kwa mara ya nne.

Mapato niyaingize kwenye tathmini?

Yaingize, lakini kwenye ukurasa wake mwenyewe, mwisho wa mwezi.

Mwaka 1971 mwanasaikolojia Edward Deci alichapisha matokeo ya jaribio lake maarufu. Aliwapa wanafunzi fumbo la vipande, baadhi yao akawalipa kwa kila umbo waliloliweza. Malipo yalipokoma, waliolipwa walipunguza muda wa kulichezea fumbo hilo kwa hiari yao. Mwandishi anayepima kila makala kwa shilingi iliyoleta anajiweka kwenye hatari hiyohiyo: siku matangazo yakishuka, na hamu ya kuandika inashuka nayo, hata kama mwanzoni alikuwa akiandika kwa mapenzi.

Kuna sababu ya kawaida zaidi pia. AdSense, huduma ya matangazo ya Google, kwa mfano, hailipi mpaka salio lifike dola 100, na kwa blogu changa inaweza kuchukua miezi mingi. Ukijipima kwa mapato pekee, miezi yote hiyo itasomeka sifuri, ilhali ndiyo miezi uliyojifunza mengi. Kama kuandika ndiko kunakokulisha, hesabu za pesa zifanye kwa makini kama mfanyabiashara yeyote: bando, umeme, nauli ya kwenda kuhoji watu, saa zako. Ila usizifanye siku moja na tathmini ya kazi.

Mimi sina blogu, nahariri Wikipedia ya Kiswahili. Haya yananihusu?

Sana, na una bahati kuliko wenye blogu, kwa sababu daftari lako linajiandika lenyewe. Ukiingia kwenye akaunti yako ukafungua ukurasa wa Michango, unakuta kila hariri uliyowahi kufanya, na tarehe na saa yake.

Tahadhari yangu ni kwenye kuhesabu hariri. Kurekebisha mkato mmoja ni hariri, na kuandika historia nzima ya mji kwa vyanzo ni hariri. Badala ya idadi, kila miezi mitatu rudi kwenye makala ulizozianzisha zikaachwa kama mbegu, yaani makala fupi ambazo hazijakamilika. Chagua moja, ikuze: ongeza vyanzo, ongeza sehemu inayokosekana, ondoa alama ya mbegu. Wikipedia hii imekuwepo tangu mwaka 2003 na bado ina mbegu nyingi mno zinazosubiri mtu. Kisha fungua historia ya ukurasa, linganisha toleo la kwanza na la leo ubavu kwa ubavu.

Nifanye peke yangu au na wenzangu?

Kuandika, peke yako. Kueleza, na wenzako. Ule uchambuzi wa mwaka 2016 uliona faida kubwa zaidi kwa waliotoa maendeleo yao hadharani, lakini hadharani haimaanishi mbele ya ulimwengu mzima.

Tafuta wawili au watatu mnaoaminiana. Kila Jumapili kila mmoja atume mambo matatu: nilipanga nini, nimefanya nini, wiki ijayo nitafanya nini. Sauti ya dakika moja inatosha. Kanuni ninayoisisitiza ni moja: jibu kwa swali, usijibu kwa ushauri wala kwa sifa. "Hongera sana, endelea hivyohivyo" inapendeza na haisogezi kitu. "Shikamoo mwalimu, ile makala ya tenzi uliyosema wiki iliyopita, umekwama wapi?" inamfanya mwalimu aeleze, na mara nyingi akieleza anapata njia mwenyewe.

Grupu likizidi watu sita, watu huanza kujificha.

Mwenzangu tulianza pamoja, sasa yuko mbali. Nikijitathmini najiona mdogo.

Tathmini yako haina safu ya mtu mwingine. Ukitaka kujifunza kwake, chukua makala yake moja na uichambue kama kazi: amefungua vipi, ametoa mifano wapi, ameishia wapi. Hesabu zake ni zake.

Naweza kuiachia akili mnemba (AI) kazi ya kunitathmini?

Inaweza kukuonyesha maneno unayoyarudia, sentensi zilizorefuka mno, na makosa ya tahajia, ingawa kwenye Kiswahili uiangalie, hasa kwenye ngeli. Kwa hilo itumie. Lakini haijui kwamba Jumatano ulikaa hospitali na mama, wala haijui ni makala ipi uliiandika ukiwa na furaha. Na zaidi ya yote, kinachojenga ari ni wewe kuitazama kazi yako kwa macho yako. Ukimpa mwingine kutazama, umebaki na ripoti tu.

Nitajuaje kwamba tathmini yenyewe imegeuka mzigo?

Angalia daftari. Tathmini zikiwa ndefu kuliko makala, umeanza kuikimbia kazi. Uamuzi uleule ukijirudia wiki tatu mfululizo bila kutekelezwa, uamuzi huo ni mkubwa mno au huutaki kweli. Ugawe au ufute. Na kama Jumapili ikikaribia unapata woga, ondoa sehemu zote ubakize mbili: kilichofanyika na uamuzi. Kaa nazo mwezi mzima hivyo.

Tathmini za miezi mitatu zinaonyesha mada hii imenichosha. Niache?

Kwanza tenganisha kuchoka na mada na kuchoka na namna unavyoiandika. Pitia daftari utafute wiki ulizoandika kwa raha, uone zilifanana nini. Kuna mwandishi wa afya aliyekuwa ameamua kuacha. Kurasa zake zikaonyesha kwamba kila wiki nzuri ilikuwa na mahojiano, na kila wiki mbaya ilikuwa ya kufupisha taarifa za wizara. Hakuacha afya. Aliacha kufupisha taarifa. Sasa anazungumza na wakunga.

Ukikuta hakuna wiki hata moja ya raha katika miezi sita, na pesa hazikulazimishi kubaki, acha kwa heshima. Waandikie wasomaji makala fupi ya kuwaaga na uwaelekeze pa kupata habari hizo. Makala zenye mambo yanayobadilika, kama dozi, bei au ada, ziwekee tarehe ya mwisho kuhakikiwa, ili asitokee mtu miaka mitatu baadaye akafuata dozi ya zamani. Kisha pakua nakala ya kazi yako yote; WordPress na Blogger zote zina njia ya kuhamisha maudhui kwa faili moja. Ihifadhi mahali pawili, kwenye kompyuta na kwenye barua pepe yako. Jina la tovuti, kama ulilinunua, jua tarehe linapoisha muda na uamue mapema kama utalilipia tena.